Pembetatu Mbili

Macho hayana pazia, jamani, lakini ya Mama Fundi siku hiyo yalipita kiasi. Tangu ashuke basi asubuhi alizunguka mtaa mzima kwa miguu, akiikodolea macho mifuko ya mashati ya watu. Muuza simu alikumbatia pochi yake. Kinyozi akamwuliza, "Mama, umenipenda au unataka kuniibia?"

Hakuwa na wazimu. Alikuwa akimtafuta mwanawe wa pekee. Miaka saba nyuma alimtukana mbele ya wateja kwa suruali iliyokatwa vibaya, kijana akaondoka, hana salamu wala simu. Cherehani alimfundisha yeye mwenyewe, na kona ya mfuko walishona kwa namna yao: pembetatu mbili, moja ndani ya nyingine. Fundi gani mwingine atajisumbua hivyo? Juzi jirani alirudi kutoka mtaa huu na shati lenye mshono ule.

Saa nane mchana, mbele ya duka la viatu lililopiga muziki wa kupasua masikio, akauona kifuani kwa mbeba mizigo. Akamzuia njia.

"Baba, shati hili nani kakushonea?"

"Ghorofa ya tatu, mama. Ngazi za nyuma."

Alipanda akihema. Chumbani mlikuwa na mafundi sita, watu wazima, na hakuna aliyekuwa mwanawe. Lakini kila shati lililotundikwa lilikuwa na pembetatu mbili. Ee Mola wangu!

"Mshono huu mmeutoa wapi?"

"Alitufundisha fundi mmoja," alijibu mama mmoja, mguu haukuacha pedali. "Alihama, mwaka wa nne huu. Hakuaga, hatujui yuko wapi. Na aliowafundisha wametapakaa miji yote."

Mama Fundi akakaa juu ya robota la vitambaa. Sasa ataufuata mkono wa nani?

"Alikuwa mtu mwema," yule mama aliendelea. "Alisema mshono ni wa marehemu mama yake. Kila asubuhi kabla ya kazi tunamwombea. Kwani wewe ni nani wake?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Angesema nini? Kwamba marehemu ndiye huyu, kapanda ngazi kwa miguu yake?

"Mteja tu. Zamani alinishonea gauni."

Wakampa maji, akanywa yote.

"Mzidi kumwombea huyo mama," alisema, akashika ukuta, akaanza kushuka.