Dirisha la Jiko la Tapnyole

Kila mama mzee alipokufa kwa kikohozi kule kijijini, juu ya mji wa Litein, wazee wa kanisa walisema ni uzee tu. Uzee huo ulikuwa na ubaguzi wa ajabu: uliwaruka wanaume waliokaa nje wakiota jua, ukawafuata wake zao hadi jikoni, ndani ya moshi. Mwaka huo wa 1996 ulikuwa umeshachukua wawili, wote wapishi hodari.

Sasa Tapnyole naye alikuwa anakohoa. Sally, mke wa mwanawe, alimpeleka zahanati, na nesi Nyatichi akasema bila kuzunguka: moshi wa miaka mingi umemharibu kifua, toboeni dirisha jikoni kabla hajawafuata wenzake.

Jioni Sally alimweleza mumewe.

"Dirisha?" Kipkemoi alishtuka kana kwamba ameambiwa atoboe madhabahu. "Na mbegu je, Mama Joan?"

Maana juu ya meko yalining'inia mahindi ya mbegu, na moshi ndio ulioyakinga na wadudu. Mahindi hayo yalikuwa na afya njema kabisa. Hayakuwahi kukohoa hata siku moja.

"Tumwombee mama," Kipkemoi alisema, akafumba macho.

Sally aliomba kwa moyo wote. Aliomba Mungu amguse mama kifua, kisha amguse mwanawe kichwa. Aliposema amina, aliona hajakatazwa kusaidia kidogo.

Kesho yake, Kipkemoi alipopeleka majani ya chai kwenye kituo cha kuyakusanyia, Sally alihamishia mahindi sebuleni, akayatundika juu ya kiti cha mumewe. Akawasha kuni mbichi kwenye karai, akafunga madirisha.

Kipkemoi alirudi, akaketi kwa mazoea. "Ni nini hii?"

"Ni mbegu, Baba Joan. Zisiliwe na wadudu. Kaa tu, utazoea. Mama amezoea."

Tapnyole, aliyekuwa amejileta mlangoni kutazama, alicheka. "Kaa, mwanangu! Hata chai haijachemka!"

Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakataa kuisha. Kipkemoi naye akaanza kukohoa. Wakawa wanapokezana, yeye na mama yake, hadi akashindwa kujua kipi ni cha nani. Hapo akanyamaza ghafla. Cha mama kiliendelea peke yake.

Kipkemoi alitoka akipapasa ukuta, macho yakimchuruzika, akachukua shoka. Hakungoja fundi. Pigo la kwanza lilibomoa udongo wa jiko la mama yake.

"Teremsha kidogo," Tapnyole alimwambia. "Nataka niwe naona ng'ombe."