Inchi Mbili za Fundi Randa

Kiti cha tatu kutoka mlangoni kilikuwa cha Bi Pindo, na hakuna aliyethubutu kukikalia hata ukumbi ukiwa mtupu. Kila Jumanne na Ijumaa, saa tatu asubuhi, alifika kwenye ukumbi ule wa nyuma ya zahanati akiwa amevaa raba nyeupe, gauni alilolikata mwenyewe lisimkwaze miguu, na futi ya kupimia nguo shingoni. Alikuwa ameacha kushonea watu miaka minne iliyopita, lakini futi hakuiacha. Alisema bila futi shingo yake husikia baridi.

Jina la Pindo alipewa na wateja. Miaka arobaini alishona, na mtu akichukua gauni lenye pindo lililokwenda upande hata kwa upana wa ukucha, Bi Pindo alimkimbilia barabarani akamvua kwa maneno.

Sasa alikuwa na miaka sabini na sita na shughuli moja tu kichwani: kubaki nyumbani kwake.

Mambo yalianzia bafuni. Aliteleza, akaanguka, akalala sakafuni hadi maji ya bomba yalipoanza kutoka nje ya mlango. Hakuvunjika kitu. Alijikokota, akajikaza, akakausha bafu, akanyamaza. Siku tatu mfululizo mwanawe wa kwanza, mwalimu wa hesabu anayekaa mji mwingine, alipiga simu jioni kama kawaida yake, na siku tatu mfululizo akaambiwa, "Mimi? Mzima kama chuma cha pua." Siku ya nne jirani, aliyeyaona yale maji mlangoni, aliteleza ulimi kwa mwalimu.

Mwalimu alifika kesho yake.

"Mama, tunaondoka. Kwangu chumba kipo."

"Na kwangu kipo. Ndicho ulichokulia."

Walivutana mpaka wakapelekana kwa muuguzi anayeongoza kikundi cha mazoezi ya wazee. Muuguzi yule, binti mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, hakumpendelea yeyote. Alimkalisha Bi Pindo kitini, mikono kifuani, akamwambia asimame na kukaa, asimame na kukaa, kwa nusu dakika. Bi Pindo alifikisha mara nne, akaishiwa pumzi.

"Miezi mitatu," alisema muuguzi. "Akifikisha kumi bila kushika kitu, mwalimu, mwache akae kwake. Asipofikisha, bibi, utakwenda na mwanao bila maneno."

Wote wawili walikubali. Bi Pindo alikubali shingo upande, lakini alikubali, na kwake yeye Ijumaa aliyomwahidi mteja ilikuwa Ijumaa.

Kikundi kilikuwa na wazee kumi na wawili na mtu mmoja asiyefanya mazoezi. Huyo alikuwa Fundi Randa, seremala, mdogo wa marehemu mume wa Bi Pindo. Viti vyote vya ukumbi alivitengeneza yeye, na kila mazoezi yakianza, kiti kimoja kilikuwa kimelegea mahali.

"Fundi, njoo na wewe unyooshe viungo," muuguzi alimwita.

"Sista, mimi niko idara ya mbao."

"Mwache," alisema Bi Pindo akizungusha mabega. "Shemeji yangu akinyoosha kiungo kimoja, vingine vitaomba likizo."

"Shemeji, umenisoma mpaka rohoni."

Wawili hao walitaniana tangu Bi Pindo alipoolewa, na baada ya mume kufariki utani haukupungua. Kila jioni Fundi Randa alipita kunywa chai na kugombana. Waligombana kuhusu sukari, kuhusu redio, kuhusu nani alikuwa na meno mazuri ujanani. Aliondoka giza likianza kuingia, na kesho yake alirudi na hoja mpya.

Mwezi wa kwanza Bi Pindo alipanda kutoka nne hadi sita. Mwezi wa pili alifikisha saba, akacheka mpaka akajishika ubavu. Kisha nane. Kisha tisa. Ijumaa moja, ikiwa imebaki wiki moja na nusu mwalimu arudi, muuguzi alihesabu kwa sauti, wazee wakaitikia, na Bi Pindo akaketi mara ya mwisho kwenye kumi na moja.

Ukumbi ulilipuka. Mzee mmoja, dereva wa lori aliyestaafu, aligonga fimbo yake sakafuni. "Huyu tumpeleke mbioni! Tuuze tiketi!"

Fundi Randa alikuwa kwenye kona, akipiga msumari kwenye kiti kisicho na ubaya wowote. Hakuinua uso.

Jioni ile, Fundi Randa akiwa ameshaondoka, Bi Pindo alikuwa nyumbani peke yake, mbele ya cherehani yake ya zamani. Furaha ilikuwa haijamtoka. Akajisemea, ngoja nizirudie zile kumi na moja, hapa hapa, kwa raha zangu. Kiti cha cherehani kilikuwa pacha wa viti vya ukumbini, kazi ya mikono ya shemeji yule yule. Alikunja mikono kifuani. Moja. Mbili. Ya nne ilimtoa jasho. Ya sita alisimama magoti yakitetemeka, na ya saba miguu ilikataa, ikamrudisha kitini kama mzigo uliokosa mpokeaji.

Asubuhi kumi na moja, jioni sita. Alijigusa mapaja, akajipima joto kwa kiganja, akajiuliza ni ugonjwa gani unaokula miguu ya mtu kati ya saa tano na saa kumi na mbili. Usingizi wake siku zile ulikuwa wa vipande vipande. Kilichomjia akilini alfajiri ya Jumanne hakikuwa ugonjwa. Kilikuwa visigino vyake. Pale ukumbini, kwa majuma kadhaa sasa, visigino vyake vilikuwa havigusi sakafu vizuri akikaa.

Alifika kabla ya wenzake. Alivua futi shingoni, akapima kiti cha tatu kutoka sakafuni hadi kwenye ubao wa kukalia. Akapima tena. Kisha akakipindua. Chini ya kila mguu palikuwa na vipande vya mbao vyembamba, vimegundishwa kimoja juu ya kingine, vimepigwa msasa na kupakwa rangi kwa ustadi ambao ungempa mtu mwingine sifa.

Fundi Randa aliingia akiimba. Alipomwona shemeji yake amesimama kando ya kiti kilicholala miguu juu, wimbo ulimkatikia kooni.

"Shemeji," alisema Bi Pindo, "kiti changu cha nyumbani ni inchi kumi na sita. Hiki ulikitengeneza kwa kipimo kile kile. Leo ni kumi na nane. Nieleze. Kinamwagiliwa?"

"Mbao hufura, shemeji. Unyevu."

"Unyevu umepaka na rangi?"

Fundi Randa aliweka sanduku la vifaa chini. Alitazama mikono yake, kisha dirisha, kisha alipokosa pa kutazama akamtazama yeye.

"Kila nilipoona umekwama niliweka kipande kimoja. Chembamba tu. Ulipofika saba ulicheka. Sijakusikia ukicheka vile tangu kaka afariki. Nikashindwa kuacha."

"Yaani umenifanya kichekesho."

"Hapana. Nimekufanyia ufundi. Mimi tangu utoto, mtu akija na mlango usiofunga, sibomoi nyumba yake iliyopinda. Naupunguza mlango mpaka ufunge. Ndiyo kazi ninayoijua."

"Mimi si mlango!"

Sauti yake ilirudi kutoka kwenye kuta. Fundi Randa akasema, chini chini, "Na ukienda kwa mwalimu, mimi jioni nitagombana na nani?"

Bi Pindo akakaa kwenye kiti cha pembeni. Hasira ilikuwepo, lakini chini yake palikuwa na hofu, na hofu ilikuwa na hesabu: siku saba.

"Vitoe," alisema.

"Niache kimoja kila mguu?"

"Vitoe vyote. Sasa hivi. Huku nikikuona."

Muuguzi alipoambiwa, alianza kwa kucheka, kisha uso ukabadilika. "Fundi, leo nilipanga kumfunga vifuko vya mchanga miguuni. Nilidhani ana nguvu za kumi na moja. Angeanguka mbele yangu, na wewe ungekuwa unapiga msumari."

Fundi Randa alisimama kama mtu aliyemwagiwa maji. Hilo hakuwa amelifikiria.

"Mwanangu," Bi Pindo alimwambia muuguzi, "mwache. Mimi nifanye nini kwa siku saba?"

"Miujiza sina. Lakini sita si nne, na hiyo sita ni yako. Ukiweka birika jikoni, shika meza, inuka na ushuke kwa vidole vya miguu mpaka maji yachemke. Kabla ya kila mlo, simama na ukae mara tano, polepole, hasa unapokaa; usijitupe. Kula yai. Chai na mkate havijengi paja. Kunywa maji hata kama huna kiu. Na ulale mchana ukichoka, usijione shujaa."

"Yai kila siku?"

"Kila siku."

Zikafuata siku za birika. Bi Pindo hakuwahi kunywa chai nyingi namna ile maishani mwake. Jioni Fundi Randa alikuja, hakuthubutu kugombana, akakaa mlangoni akihesabu. Alileta mayai, akiyabeba kwenye kofia. Siku ya tatu alimwambia, "Shemeji, unatua kama gunia," naye akamjibu, "Gunia la mchele ghali," na hapo ndipo Fundi Randa alipojua amesamehewa nusu. Ijumaa, kwenye kiti cha inchi kumi na sita, Bi Pindo alifikisha nane.

Jumanne ya kipimo, wakimsubiri mwalimu, Fundi Randa alimvuta pembeni. Alifungua kiganja. Palikuwa na vipande vinne vya mbao.

"Dakika mbili tu. Mwalimu hajui kiti kilikuwaje. Muuguzi nitamwomba radhi baadaye."

Bi Pindo alivitazama vile vipande kwa muda mrefu kuliko alivyopenda. Aliona dirisha lake la jikoni. Aliona chumba cha ugenini, kizuri, chenye pazia lisilo lake. Kisha akakifunga kile kiganja kwa mikono yake miwili.

"Nenda kakae, shemeji."

Mwalimu aliingia na vumbi la safari viatuni. Alimkumbatia mama yake kwa uangalifu, kama mtu anayebeba glasi. Muuguzi alitazama saa.

"Anza."

Tano za kwanza zilikwenda vizuri. Sita, saba. Kwenye nane gauni lilikuwa limeloa mgongoni. Tisa alisimama taratibu, akanyooka kabisa, akakaa bila kujitupa. Kwenye kumi aliinuka nusu, magoti yakatetemeka, yakatetemeka, na yakamrudisha chini.

"Muda," alisema muuguzi. "Tisa."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu alitazama sakafu. "Tisa si kumi, mama."

"Najua. Hesabu hiyo nilikufundisha mimi, kwa vifungo." Alikuwa akihema. "Sasa nisikilize kabla hujanyanyua mkoba wangu. Kiti hiki wiki iliyopita kilikuwa kirefu kwa inchi mbili. Usiulize nani. Kwa kiti kile ningekuletea kumi na moja leo, ukarudi kwako umeridhika. Nimekuletea tisa. Tisa ni zangu. Kama ni kwenda, nguo nimeshazikunja."

Fundi Randa aliinua mkono kama mwanafunzi. "Ni mimi, mwanangu. Inchi ni zangu."

"Baba mdogo!"

"Nilijua tu hutahitaji kuuliza nani," alisema dereva mstaafu.

Mwalimu hakucheka. Alichuchumaa mbele ya mama yake mpaka macho yao yakawa sawa.

"Unajua kwa nini nilitaka kukuchukua? Si kwa sababu ulianguka. Watu huanguka. Ni zile simu tatu. Uliniambia mzima, na sauti ilikuwa ile ile ya siku zote. Tangu siku ile, kila ukiniambia mzima, nalala na wasiwasi, kwa sababu sina namna ya kujua."

Bi Pindo aliinamisha kichwa. Hakuwa amewahi kulipima jambo kwa upande huo.

"Niliogopa ungenichukua," alisema.

"Nami nilitaka kukuchukua kwa sababu ulificha."

"Basi tulikuwa wajinga wawili."

"Ukianguka tena?"

"Nitakupigia nikiwa bado pale chini. Kabla hata ya kujifuta maji."

Mwalimu akapangusa uso wake kwa kiganja kimoja, akasimama. "Nguo zikunjue. Lakini bafuni ninataka vyuma vya kushikia, na zulia lile linaloteleza litoke. Baba mdogo, leo hii."

"Kabla ya saa nane," alisema Fundi Randa, na tayari alikuwa ameshika sanduku lake, akielekea mlangoni kwa haraka isiyo kawaida yake.

"Ngoja kwanza," alisema muuguzi. "Fundi, wewe nimewahi kukupima?"

"Mimi? Sista, nina vyuma vya kununua."

"Vyuma havitembei," alisema Bi Pindo. Alishainuka kwenye kiti cha tatu, akakipangusa kwa pindo la mkono wa gauni lake. "Kaa."

"Shemeji..."

"Miezi mitatu kila nikisimama wewe una msumari. Kaa, tuone unaficha nini."

Seremala alikaa kama mtu aliyeitwa na hakimu. Alikunja mikono kifuani. Alivuta pumzi, akainuka, akakaa. Akainuka, akayumba, akakaa kwa kishindo. Uso ulimbadilika rangi. Mara ya tatu mkono mmoja uliteleza kutoka kifuani, taratibu, ukaenda kutafuta paja.

"Mkono!" alisema Bi Pindo, amesimama mbele yake na saa ya muuguzi mkononi. "Hiyo haihesabiki. Anza upya. Na Ijumaa uje na raba."