Kuta za Thimlich Juu ya Kioo

Kila baada ya wiki mbili tatu, Mwalimu Phanice aliingia katika duka la vifaa vya ujenzi la Fardowsa, mjini Migori, akanunua kipande cha kioo cha dirisha. Siku moja Fardowsa, ambaye wateja walimwita Mama Kultum, alishindwa kunyamaza.

"Mwalimu, kwani hilo dirisha lako linavunjwa na nani?"

Phanice, mwalimu wa sanaa aliyestaafu, akacheka. "Siweki dirishani, Mama Kultum. Natumia kuchapa picha za Thimlich Ohinga."

"Zile kuta za mawe? Miaka kumi na tisa niko Migori, nazisikia tu."

"Basi Jumapili twende."

Walikwenda kwa pikapu ya duka. Fardowsa alifika na macho ya biashara. Ukuta ulimpita kimo mara mbili. Akaingiza kidole kati ya jiwe na jiwe, akakitoa, akakitazama.

"Saruji iko wapi?"

"Hakuna," akajibu Tony, mwongozaji wa wageni. "Hata udongo hakuna. Yameshikana yenyewe, karne na karne."

Nyumba ngapi zilizojengwa kwa saruji ya Fardowsa zilikuwa zimeshapasuka? Lango lilikuwa dogo, likamlazimu kuinama kama anayerukuu. Alipoinuka upande wa ndani, kelele zote za dunia zilikuwa zimebaki nje. Mawe kila upande, na mbingu juu.

"Subhanallah," alinong'ona.

Phanice aliketi, akaweka kioo kwenye kibao, akakipaka wino mweusi kwa rola. Kisha kwa kitambaa na kucha akaanza kuuondoa wino, hapa kidogo, pale zaidi. Fardowsa alichungulia. Aliona mabaka na nyufa tu.

"Mbona si ukuta?"

"Ukuta si ule pale? Mimi natafuta kile kilichokushika ulipoingia."

Akalaza karatasi yenye unyevu juu ya kioo, akampa Fardowsa kijiko. "Sugua kwa mgongo wake. Usiogope."

Fardowsa akasugua mpaka mkono ukamuuma. Phanice alipobandua karatasi, mabonge mazito ya giza yalikuwa yameegemeana, na mwanga umepenya katikati. Vinyweleo vilimsimama Fardowsa mikononi.

"Toa nyingine kama hii!"

"Haitoki mara mbili. Wino umeshahamia kwenye karatasi."

"Si kumebaki kidogo?"

"Hiyo ya pili mimi hutupa," alisema Phanice, lakini akalaza karatasi nyingine. Wakasugua pamoja. Ikatoka ya kijivu, mawe yakionekana kwa shida, kama kitu kilicho nyuma ya moshi wa jikoni.

Tony akasogea karibu.

"Hivi ndivyo panavyokaa asubuhi kabla umande haujakauka," alisema. "Huwa niko peke yangu. Sijawahi kupata maneno ya kumwambia mtu."

"Nipe hii, Mwalimu," Fardowsa akasema.

"Chukua ile nzuri, mama."

"Ile ina mawe. Hii ina wenyewe, waliokaa humu."

Phanice aliitazama ile karatasi ya kijivu. "Na za namna hii nimetupa kama mia," alisema polepole, kisha akavuta rola na kupaka kioo wino upya.

Fardowsa alisimama katikati ya boma, ameshika chapa yake kwa ncha za vidole, akingoja ikauke. Ilikauka. Hakusogea.