Yowe la Mama Onyiego

Ochanda alikuwa akifanya kazi yake kwa wimbo. Mimi nilikuwa dereva wa ambulensi, yeye ndiye mhudumu wa dharura, na kila alipopiga magoti kumsukuma kifuani mtu ambaye moyo wake umesimama, aliimba kwa sauti ya chini wimbo wa kwaya ya kwao, wa Kijaluo, ili mikono isiende mbio wala isilegee. Nilimtania kwamba anawaimbia Wakisii wangu lugha wasiyoijua.

"Anyona," alinijibu, "moyo hauna kabila. Wewe endesha gari."

Siku tuliyoitwa kwa Mzee Ondieki, pale Gesima, mvua ilikuwa imetoka kunyesha na ukungu umelala juu ya majani chai. Ni jirani zetu. Mimi nimekulia ng'ambo ya kijito. Mzee alikuwa ameanguka sebuleni na hapumui. Mkewe, ambaye kijiji kizima kinamwita Mama Onyiego, alikuwa ameishika miguu yake kama anayemzuia asiende. Ochanda alimlaza sawasawa sakafuni, akaanza kusukuma, akaanza kuimba. Mimi nilisimama karibu na mlango nikifungua mtungi wa oksijeni.

Ndipo macho ya mzee yakafunguka. Niliona kwa macho yangu haya. Mkono wake wa kulia ukainuka kidogo, vidole vikawa vinatafuta kitu hewani. Na Mama Onyiego akapiga yowe.

Kwetu, yowe la mwanamke halisubiri maelezo. Mwanamume akilisikia hunyakua kilicho karibu na kukimbia, maswali yatakuja baadaye. Nimekimbilia mayowe tangu miguu yangu ipate nguvu, wala sioni haya kusema najivunia. Onyiego, mwana wao wa kwanza, alikuwa akilima chini ya migomba. Alinipita mlangoni, na alichokiona ni mgeni anayemkandamiza babake kifuani huku akiimba. Mpini wa jembe ulishuka mara mbili. Mara ya kwanza ulimpata Ochanda begani, ukakata wimbo. Mara ya pili ulimvunja kifundo cha mkono.

"Mwache, anamrudisha," nilipaza sauti. Lakini majirani walikuwa wameshafika, kila mmoja na rungu lake, wakanibana ukutani pamoja na mtungi wangu. Walipokubali kunisikia, macho ya mzee yalikuwa bado wazi, ila hayakuwa yakitazama kitu.

Tulimzika Mzee Ondieki kwa heshima zote, na Onyiego akatoa hotuba. Hakuna aliyetaja mpini.

Tangu siku ile wimbo haukuniacha. Nikiwasha gari, unaanza. Unapanda vizuri, unafika pale ulipokatwa, unanyamaza, halafu unaanza tena. Nilimwendea Ochanda katika stoo ya dawa, alikohamishiwa, maana mkono uliotiwa vyuma hauwezi tena kusukuma kifua cha mtu. Alikuwa akipanga glavu kwenye rafu. Nilimwomba aniimbie mpaka mwisho, labda ungeondoka.

"Siwezi," alisema. "Kanisani wakiuimba, tukifika pale bega langu linajikunja lenyewe. Natoka nje nasimama na watoto wanaocheza."

"Basi tutafanya nini?"

"Wewe una mkono mzima. Jifunze kusukuma. Tafuta wimbo wako."

Wazee wetu walikuja kwake na mbuzi, wakisema damu moto ya kijana isamehewe. Ochanda aliwakaribisha chai. "Wazee wangu, mbuzi nitamla, nitashiba," akawaambia. "Halafu yule mwenzangu wa zamu atakayeitwa kwenu kesho, naye apigwe, aletewe mbuzi wake?" Waliondoka na mbuzi wao. Wakili wa serikali naye alikataa kesi ifutwe. Kosa lilikuwa kujeruhi vibaya, tena kumjeruhi mtu aliyekuja kuokoa maisha, na adhabu ya kosa hilo inaweza kufika kifungo cha maisha.

Wiki ya kesi, Onyiego alinikuta nikiosha gari. Alikuwa amekonda, shati linamning'inia.

"Moura," aliniita, kama tunavyoitana kwetu watu wa ukoo mmoja. "Umeandikishwa shahidi."

"Ndiyo."

"Utasema nilimpiga?"

"Ulimpiga."

"Sema. Sema hata nilimpiga mara kumi, sijali jela." Akatazama chini. "Lakini useme Tata, babangu, alikuwa ameshakufa. Sema yule Mjaluo alikuwa akisukuma maiti."

Niliuweka mpira wa maji chini. Maji yakaendelea kukimbia katikati yetu.

"Onyiego, uliona macho yake?"

"Kila nikiinama kulima, nayaona kwenye udongo. Mimi nitaishi nayo. Lakini Mama hajui. Mama akisikia kwamba mumewe alikuwa anarudi, na mimi nikamzuia mlangoni, atakufa. Mzike mmoja, moura. Usinizikie wawili."

Ningeweza kumfariji. Sikuzaliwa hivyo. Nilimwambia kwamba nimeshaandikisha kwa polisi nilichokiona, na nikipanda kizimbani nitakisema vilevile, hata mbele ya mamangu mwenyewe. Alitikisa kichwa, akaondoka bila kugeuka. Jioni hiyo sikutaka mtu aniambie habari za ukweli na fahari yake.

Asubuhi ya kesi, mahakama ilijaa watu wa Gesima. Mama Onyiego aliketi mbele, kitambaa cheusi kichwani. Mashtaka yalisomwa, na kabla sijaitwa, Onyiego akakiri kosa. Nilimwona akishusha pumzi. Nilielewa mpango wake: akikiri, mashahidi hawaitwi, na nisipoitwa, mamake hatasikia.

Lakini sheria haimfungi mtu bila kusoma yaliyotendeka. Wakili wa serikali alisimama na kusoma, na mkalimani wa mahakama, kijana mwenye sauti ya kwaya, akatafsiri kwa Ekegusii safi, polepole, kila neno likifika benchi la mwisho: kwamba mgonjwa alikuwa amefungua macho, kwamba aliinua mkono wa kulia, kwamba baada ya mhudumu kupigwa, hakuna aliyeendelea kumsukuma, na mgonjwa akafariki.

Onyiego alishika ukingo wa kizimba. Hakuweza kumtazama mamake.

Mama Onyiego akasimama. Askari alimwashiria akae, hakimu akamwashiria askari amwache.

"Niliyajua hayo kabla yenu," alisema kwa lugha yetu, taratibu, kama anayesimulia habari za shamba. "Miguu yake ilikuwa mikononi mwangu. Ilianza kupata joto. Akafungua macho akanitazama, mimi, mkewe. Nikaogopa, maana nilikuwa nimeshamlilia moyoni. Nikapiga yowe." Akamgeukia mwanawe. "Nilikuita mimi. Nilikuita uje kumwua."

Mkalimani alianza kumtafsiria hakimu, akakwama, akaanza upya.

Hakimu alingoja, kisha akamuuliza Onyiego kama maelezo yaliyosomwa ni ya kweli. Onyiego sasa alikuwa akimtazama mamake, wala hakuondoa macho kwake alipojibu.

"Ni ya kweli."

Ochanda alikuwa nyuma yangu, mkono wake mbovu umelala pajani. Sikumwona akifurahi. Hakimu alisema kwamba anayeitwa kuokoa mtu hawezi kuingia nyumbani mwa watu akihofia mgongo wake, akatoa kifungo cha miaka mitano.

Walipomshusha Onyiego ngazi za mahabusu, tulisikia sauti yake kutoka chini. Alikuwa akiimba bila maneno, maana lugha ile haijui. Ulikuwa ule ule wa Ochanda. Ukapanda vizuri, ukafika pale, ukakatika.

Mama Onyiego alifunua kinywa kupiga yowe. Kisha akavua kitambaa kichwani kwa haraka na kukijaza mdomoni, chote, akakiuma kwa nguvu, kwa sababu mahakama ilikuwa imejaa wanaume wa Gesima, nasi sote tulikuwa tumeshainuka nusu kwenye mabenchi yetu.