Perege wa Kahonzi

Kahonzi alipokufa alimwachia mumewe, Dzombo, bwawa moja la samaki huko Sabaki, na mzee hakuwa na kingine cha kumkumbukia. Kwa miaka kumi na tisa mwanamke yule alikuwa akichagua samaki wa mbegu kwa njia yake. Bamvua, yale maji makuu ya mwezi, likiingiza bahari bwawani, perege wengi walielea wamekufa. Wale wachache waliobaki wakiogelea kwenye chumvi kali ndio aliowaacha wazae. Mwisho wakawa perege wasioijali bahari.

Mwaka wa themanini na nne serikali ikasikia. Bwana Samaki, afisa wa uvuvi, kijana wa bara aitwaye Phineas, akaja na gari, sanduku la barafu na barua yenye mhuri.

"Mzee, twataka kuchunguza damu yao. Tujue chumvi wanaivumilia vipi."

"Si ungemuuliza Kahonzi alipokuwa hai."

"Hatukuwa na petroli, mzee."

Dzombo akaingia majini mwenyewe. Asingeweza kumpa mgeni makombo na majirani wanamtazama. Akamteulia wale arobaini wa mbegu, wakubwa, wazito, akabaki na vitoto. Hata wiki mbili hazijaisha, wakaja wengine wa ofisi ileile, wala habari za Phineas hawana. Walilikausha bwawa, vitoto vikafia matopeni, kisha wakatia samaki wa kisasa, wa kunenepa upesi. Dzombo alipolalamika alionyeshwa mhuri mwingine. Hao wakubwa hawaishiwi na mihuri.

Bamvua la Machi likawaua samaki wa kisasa wote. Kulipokucha bwawa lilikuwa jeupe kwa matumbo.

Dzombo akaenda Malindi kwa miguu, hadi ofisini kwa Phineas, akamwomba jozi moja tu, dume na jike, aanze upya. Phineas akafungua kabati: chupa arobaini, na ndani ya kila moja perege amejikunja kwenye dawa, tumbo limepasuliwa.

"Majibu yametoka, mzee. Pwani nzima hakuna kama hawa. Nimeandika wahifadhiwe."

"Wahifadhiwe wapi?"

Phineas akazitazama chupa.

"Nyinyi kila mnachokisoma lazima kife kwanza?" Dzombo akauliza, wala hakungoja jibu.

Aliporudi Sabaki alichukua jembe akabomoa ukingo wa bwawa, upande wa bahari. Maji ya chumvi yakaingia, yakatanda kote. Hayakukuta cha kuua.