Magoti ya Miaka Elfu Tisa

Alhamisi moja ya mwaka 2013, saa tisa alasiri, Kerubo alikuwa amepiga magoti akisugua sakafu ya jumba la maonyesho mjini Doha, mama wa mifupa alipofungua kabati lake la kioo, akatoka na jiwe lake la kusagia.

"Nisogezee ndoo, mwanangu."

Kerubo akasogeza.

Mama huyu alifukuliwa nchi ya mbali, kwenye kijiji cha watu wa mwanzo mwanzo kuacha kuhamahama, wakapanda nafaka, wakakaa kuingoja iive. Profesa aliyemleta huwaonyesha wageni magoti yake yaliyolika. Kwa magoti hayo, husema, tumejua wanawake wa kale walisaga kutwa.

"Angeniuliza mimi," Kerubo alimwambia Vuai, mlinzi wa mlangoni, "asingehangaika kuchimba."

"Wewe nawe, dada, mwisho utawekwa kwenye kioo."

Kerubo alileta wimbi, ulezi wa kwao Nyamira, wakasaga pamoja. Profesa alipoukuta unga, aliandika kwenye kibao cha jiwe: Bado linatumika.

Mkataba wa Kerubo ulikwisha mwaka jana. Binti yake Milka anaolewa Desemba, na pasi ya kusafiria ya mama mtu imo kwenye droo ya mudiri, msimamizi wa wafagizi.

"Kitendawili," mama wa mifupa akasema.

"Tega."

"Hupiga magoti kutwa, wala hasali."

Jibu Kerubo alilijua. Alimtazama yule mama, akasema, "Umenishinda."

"Nipe mji."

"Chukua kijiji chako."

Jumapili barua ikaja kwamba mifupa irudishwe kwao. Mama akajilaza sandukuni, karatasi zake zikagongwa mihuri.

"Nami nakupa Nyamira," alisema kabla ya kufunikwa.

"Nyamira ninayo, mama. Pasi ndiyo sina."

"Basi chukua jiwe."

Profesa akatia sahihi kwamba kila kitu kimo.

Kerubo akalibeba jiwe hadi ofisini kwa mudiri.

"Nimefuata pasi yangu."

"Bukra, inshallah."

"Haya, kesho. Nitakungojea hapa."

Akapiga magoti mlangoni, akamimina wimbi, akaanza kusaga. Kesho yake alisaga, na keshokutwa. Kufikia Desemba unga ulikuwa umefika chini ya meza. Mudiri alikunja suruali, akauruka, akaenda kula. Droo aliiacha imefungwa. Kerubo akaongeza wimbi.