Mama Anasonga Bugali

Chibalonza alikuwa anapiga pasi kitenge kwa mara ya mwisho kabla ya kukikata, akisukuma mkunjo mmoja mkaidi kuelekea kwenye pindo, simu ilipolia. Mkono wake wa kushoto uliacha kitambaa wenyewe ukaenda mfukoni mwa aproni. Mfuko ulikuwa mtupu. Simu alikuwa amempa binti yake, Gloire, sebuleni, na sasa mkono ulibaki mfukoni kama mgeni aliyekosea nyumba.

Kitenge kilikuwa cha kijani, chenye ndege weupe waliosimama wote wakielekea upande mmoja. Kilikuwa cha gauni la bibi harusi, Falone; mama yake alikichagua mwenyewe sokoni Bukavu, akampa mtu aliyekuwa anakuja Sydney. Mama huyo alinyimwa viza, kwa hiyo harusi ya binti yake angeiona kwenye picha tu. Alichoomba ni kwamba nguo ile ionekane vizuri. Harusi ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata.

Sehemu ya mbele ya gauni ilikuwa imeshakatwa mara moja, na ilikuwa kwenye mfuko mwangavu wa plastiki kando ya mlango. Chibalonza aliikata Jumatatu, simu ameibana kwa bega, huku rafiki yake Nahimana wa St Marys akimsimulia ugomvi wa kwaya juu ya kinanda. Hadithi ilikuwa tamu. Alipoinua kitambaa, ndege wote walikuwa wamesimama kwa vichwa. Hakumlaumu Nahimana, mkasi ulikuwa mkononi mwake mwenyewe. Lakini kitambaa kilichobaki kilitosha sehemu ya mbele na mikono, bila nafasi ya kosa jingine, na alikuwa ameshazunguka maduka ya Merrylands na Blacktown bila kukuta ndege kama wale.

Kushona alijifunza peke yake, kwa kufumua nguo kuukuu na kutazama zilivyounganishwa, hivyo alizoea kutafuta kosa lilikoanzia. Hili lilianzia sikioni. Jumanne akazima simu. Mumewe, Akilimali, akampigia mara kadhaa kutoka ghalani Ingleburn, akaomba ruhusa, akarudi nyumbani akihema, akidhani kuna msiba. Jumatano akaiacha iwake ila asiipokee. Kufikia jioni habari zilikuwa zimezunguka kwamba Mama Gloire amekuwa Mzungu, kumsalimia siku hizi ni kwa miadi.

Alhamisi simu ililia akiwa jikoni ameshika mwiko. Gloire akaipokea, akasema kwa Kiswahili chake kidogo, "Mama yuko anasonga bugali." Aliyepiga akasema haya, atapiga baadaye. Hakununa. Nani anune? Bugali ukiuacha katikati unafanya mabonge. Hata mchungaji akibisha hodi wakati huo, husubiri.

Kwa hiyo leo, Ijumaa, shule zikiwa zimefungwa, alimwambia Gloire, "Akipiga yeyote, sema mama anasonga bugali. Ila kama ni mgonjwa au msiba, unite."

Gloire alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba huo ni uongo, na sufuria iko kabatini.

"Sufuria ni hii," Chibalonza alisema, akipiga meza kwa kiganja.

Sasa aliweka pasi pembeni, akatandaza kitambaa, akaanza kubana karatasi ya kipimo kwa pini. Simu ikalia tena. Gloire akajibu. Sikio la Chibalonza likaenda sebuleni kumtafuta aliyepiga, na liliporudi hakukumbuka kama bega la kulia alilikagua. Akaanza upya. Safari hii alitamka kila alichogusa: "Vichwa juu. Shingo huku. Vichwa juu." Sikio lilipotoroka, alisimamisha mkono, akalisubiri lirudi, akaanzia begani tena. Ilikuwa kazi ya polepole, lakini kila mara sikio lilichelewa kidogo zaidi kutoroka.

Akachukua mkasi. Alikuwa katikati ya duara la kwapa kengele ya mlango ilipolia.

"Hodi humu! Mama Gloire! Tangu asubuhi unasonga ugali, unalisha jeshi? Nimeleta sombe!"

Ilikuwa sauti ya Nahimana. Gloire akaangua kicheko.

Mkasi ulitaka kusimama. Lakini ukisimama kwenye duara la kwapa unaacha jino kwenye ukingo wa kitambaa.

"Karibu, Mama Ikirezi," alisema bila kuinua macho. "Keti. Bado niko kwenye mwiko."

"Mwiko gani? Nimepanda treni na sombe mapajani, behewa zima linageuka kunusa, nafika nakuta jiko la baridi!"

Maneno yalimfikia Chibalonza, akayaacha yapite. Mkasi ukafuata mstari wa chaki, ukamaliza kwapa, ukashuka ubavuni hadi kwenye pindo. Ndipo alipoinua kitambaa. Ndege wote walikuwa wamesimama kwa miguu.

Nahimana alikuwa mlangoni na bakuli lake la majani ya muhogo. Aliwatazama ndege wa mezani, kisha wale wa kwenye mfuko wa plastiki.

"Hawa walioanguka ni wa Jumatatu? Tulipokuwa tunaongea?"

"Ni wa Jumatatu."

"Ungesema tu, Mama Ikirezi, nyamaza."

"Ungenyamaza?"

Nahimana alifikiri. "Hapana. Ningekuuliza kwa nini, halafu tungeongea hilo." Akahamisha bakuli mkono wa pili. "Unga uko wapi? Acha nisonge wa kweli, mtoto asiitwe mwongo."

Ilibaki mikono ya gauni. Mwanga ulikuwa bado mzuri mezani. Chibalonza aliweka karatasi ya mkono wa kwanza juu ya kitambaa, akabana pini, akasema, "Vichwa juu." Jikoni mwiko uligonga sufuria, na Nahimana akaanza kumsimulia Gloire ugomvi wa kwaya. Chibalonza akagundua kwamba alikuwa ametamka vichwa juu bila kutazama ndege hata mmoja.

Akatazama. Walikuwa sawa. Hata hivyo akazitoa pini, akakunja kitambaa, akaweka mkasi juu yake. Mikono ingekatwa kesho.

Akaingia jikoni. "Haya, Mama Ikirezi, anza mwanzo. Kinanda alikichukua nani?"

Nahimana hakugeuka. Alikuwa ameinama juu ya sufuria kwa mikono miwili.

"Ngoja," alisema. "Nasonga ugali."